Benzi C200 au BMW 320i? Piga hesabu ya mpaka kabla ya mnada

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

BIASHARA ya magari yaliyotumika katika ukanda wetu imejengwa juu ya Toyota. Mfanyabiashara anayeleta IST, Axio au Harrier hana haja ya kuumiza kichwa. Spea zipo kila kona, fundi yupo kila mtaa, na mteja akija yadi anajua anachokitaka.

Lakini katika miaka ya karibuni, yadi za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala zimeanza kujaza saluni za Kijerumani, hasa Mercedes-Benz C-Class na BMW 3 Series. Sababu yake ni bei. Gari ambalo likiwa jipya lilikuwa la mkurugenzi, likifikisha miaka saba au minane huko Japani linauzwa mnadani kwa bei inayokaribia ile ya Toyota ya kawaida.

Ikumbukwe kwamba Japani gari binafsi jipya hupewa ukaguzi wa serikali wa miaka mitatu, kisha hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Kila ukaguzi una gharama zake, na gari la Ulaya lililokwisha udhamini humtoa mwenye nalo fedha nyingi zaidi. Wengi huona heri waliuze kabla ya ukaguzi unaofuata. Hapo ndipo mnunuzi wa kwetu anapoingia.

Makala haya yanachambua swali ambalo wafanyabiashara wengi wanaulizana: kama una mtaji wa gari moja au mawili tu, ulete C200 au 320i? Wengi hulijibu kwa mapenzi. Mmoja anapenda nyota, mwingine anapenda figo mbili za mbele ya BMW. Sisi tutalijibu kwa daftari.

Magari tunayozungumzia

Kwanza tukubaliane majina, kwa sababu makosa mengi huanzia hapa. C-Class tunayoizungumzia ni umbo la W205, lililouzwa kuanzia 2014 hadi 2021. Umbo lililotangulia, W204, lilianza 2007. BMW 3 Series tunayoizungumzia ni umbo la F30, lililouzwa kuanzia mwishoni mwa 2011 hadi 2019, kisha likafuatiwa na G20. Kabla ya F30 kulikuwa na E90.

Yote mawili yanasukumwa na magurudumu ya nyuma, yote yana injini ndogo ya petroli yenye tabo, na yote yana giaboksi ya otomatiki. BMW inatumia giaboksi ya gia 8. Benzi ilianza na ya gia 7, baadaye ikahamia ya gia 9. Kwa mteja anayelitazama yadini tofauti ni ndogo. Kwa wewe unayelilipia ushuru na kulisafirisha, tofauti ni kubwa.

Kenya: ukubwa wa injini na umri

Tuanze na Kenya, kwa kuwa ndiyo yenye masharti makali zaidi ya umri. Gari lililotumika halipaswi kuzidi miaka 8. Kwa kawaida hesabu inakwenda hivi: kwa mwaka 2025 mlango ulikuwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2018 na kuendelea, kwa 2026 ni 2019 na kuendelea, kwa 2027 ni 2020. Vile vile gari lenye usukani wa kushoto haliruhusiwi, isipokuwa ya shughuli maalum.

Sasa linganisha na miaka ya magari yetu mawili. F30 ilikoma 2019. Maana yake ni kwamba katika soko la Kenya mlango wa F30 unafungwa na mwaka 2026. W205 iliendelea hadi 2021, hivyo inaweza kuingia mpaka 2028. Mfanyabiashara wa Nairobi anayetaka kulifahamu gari moja vizuri, akajenga uhusiano na mafundi na wauza spea, atapata muda mrefu zaidi akiwa na C-Class. Anayetaka BMW itabidi ahamie G20, ambayo bado ni ghali mnadani.

Pili ni ukubwa wa injini. Tangu Julai 2023 Kenya inatoza ushuru wa forodha wa asilimia 35 kwa magari, badala ya asilimia 25 ya kawaida ya Jumuiya. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1,500, na asilimia 25 kwa iliyozidi hapo. Injini ya petroli iliyozidi sisi 3,000 inapanda hadi asilimia 35. Kisha kuna VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uingizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2.

Tuchukue mfano wa gari ambalo thamani yake ya forodha ni dola 10,000. Likiwa na injini ya sisi 1,998, kama 320i, hesabu ni hii:

Ushuru wa forodha: dola 3,500
Ushuru wa bidhaa (asilimia 25 ya 13,500): dola 3,375
VAT (asilimia 16 ya 16,875): dola 2,700
Tamko na reli: dola 450
Jumla: dola 10,025

Likiwa na injini isiyozidi sisi 1,500:

Ushuru wa forodha: dola 3,500
Ushuru wa bidhaa (asilimia 20 ya 13,500): dola 2,700
VAT (asilimia 16 ya 16,200): dola 2,592
Tamko na reli: dola 450
Jumla: dola 9,242

Tofauti ni dola 783 kwa kila dola 10,000 ya thamani. Na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalioni. C200 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018 haina tena injini ya lita 2. Ina injini ya sisi 1,497 inayosaidiwa na mfumo wa umeme wa volti 48. Jina nyuma ya buti ni lile lile C200, lakini ile ya kabla ya marekebisho ni sisi 1,991 na hii ni sisi 1,497. Mteja analipa bei ya C200, wewe unalipa ushuru wa gari dogo.

Kwa upande wa BMW, mwenye kutaka faida hiyo hiyo ana 318i ya kuanzia marekebisho ya 2015, yenye injini ya silinda tatu ya sisi 1,498. Tatizo ni kwamba mteja wa BMW huuliza silinda ngapi, na akisikia tatu anapunguza bei.

Hata hivyo, tahadhari moja. KRA haitozi kwa risiti yako ya mnadani. Inatumia orodha yake ya bei za magari mapya, kisha inatoa punguzo la uchakavu kulingana na umri. Kabla ya kutuma fedha, mwombe wakala wako wa forodha akupe hesabu ya gari lile lile, mwaka ule ule, kwa injini ile ile. Magari mawili yaliyonunuliwa kwa bei moja Japani yanaweza kuwa na thamani tofauti kabisa kwenye orodha.

Tanzania: umri ndio unaokula

Ukivuka Namanga au Horohoro, hesabu inageuka. Tanzania haina marufuku ya miaka 8. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya sisi 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, na iliyozidi 2,000 ni asilimia 10. Maana yake C200 ya sisi 1,497, C200 ya 1,991 na 320i ya 1,998 zote ziko kapu moja. Ile faida ya Kenya hapa haipo.

Kinachouma ni umri. Gari dogo lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30. VAT ni asilimia 18 na inatozwa juu ya vyote hivyo.

Kwa gari la thamani ya dola 10,000, ukiacha tozo ndogo ndogo za forodha na reli, kodi inakuwa hivi: likiwa chini ya miaka 8, dola 5,487.50. Likiwa na miaka 8 hadi 10, dola 7,700. Likizidi miaka 10, dola 9,912.50.

Hebu tutazame chaguo halisi. Mnadani kuna gari la miaka 7 linalofika Dar es Salaam kwa dola 10,000, na lingine la miaka 11 linalofika kwa dola 7,000. Mnunuzi anaona ameokoa dola 3,000. Baada ya kodi, la kwanza limesimama dola 15,487.50 na la pili dola 13,938.75. Kile alichookoa si dola 3,000 tena, ni dola 1,548.75. Kwa fedha hizo amenunua miaka minne zaidi ya uchakavu, na pengine injini ya kizazi chenye matatizo.

Na hapa pia TRA ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika. Ukiona kwenye mfumo huo thamani ya gari iko juu ya bei uliyonunulia, kodi itafuata ya mfumo. Kwa gari la zamani lililonunuliwa kwa bei ya kutupa, ndipo pengo hilo linapoumiza zaidi.

Jambo jingine ni kalenda. Umri unahesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa. Gari lililonunuliwa Novemba likakosa meli, likafika Januari, linaweza kuwa limehama kapu likiwa baharini. Mwenye gari linalokaribia miaka 8 au 10 ahakikishe linatoka Japani mapema, si kungoja meli ya mwisho ya mwaka.

Uganda, Zambia na upande wa magharibi

Uganda nayo inaangalia umri, kwa njia ya tozo ya mazingira inayopanda kadiri gari linavyozeeka. Aidha sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza magari yenye miaka 15 na zaidi. Hiyo haiigusi W205, lakini W204 na E90 za mwanzo zilishatoka kwenye mchezo.

Zambia ni soko ambalo wasafirishaji wa Dar es Salaam wanalifahamu vizuri. Huendesha kushoto kama sisi, na kwa magari yaliyotumika hutoza kiwango maalum cha kwacha kulingana na aina ya bodi, ukubwa wa injini na kama gari limezidi miaka 5. Kwa kuwa kiwango ni maalum, gari zuri na gari bovu la kundi moja yanalipa sawa. Kwa hiyo Zambia inamlipa zaidi anayeleta gari zuri.

Tukija Rwanda, Burundi na Congo, huko watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Rwanda ilizuia magari madogo ya usukani wa kulia tangu miaka ya 2000. Mashariki ya Congo na Burundi magari ya usukani wa kulia yanaonekana kwa wingi, lakini masharti hubadilika, na saluni ya kifahari ndiyo inayotazamwa kwanza na afisa. Usinunue gari la Japani kwa ajili ya mteja wa huko kabla hajakuletea maandishi ya forodha ya kwao.

Injini: wapi fedha hupotea

Jamaa yangu mmoja wa Mbeya, mtu wa biashara ya mchele, mwaka 2021 aliamua kujaribu magari. Alinunua 320i ya 2013, nyeupe, viti vya ngozi, kilomita chache. Ilikuwa ya bei nafuu kuliko zote alizoziona. Ilifika, akalipa kodi pamoja na ile asilimia 15 ya umri, akaiweka yadini. Asubuhi ikiwashwa ilitoa sauti kama mluzi. Wateja watatu walikuja na mafundi wao, wote watatu waliondoka. Ilikaa miezi saba.

Sauti ile inajulikana. BMW za lita 2 za F30 za mwanzo, hadi mwaka 2015, zina injini iitwayo N20. Vishikizo vya plastiki vya cheni ya taimingi huchakaa na kuvunjika, vipande vinaanguka kwenye sampo na kuziba njia ya oili. Cheni ikiruka, injini imekwisha. Kuanzia marekebisho ya 2015, 320i ilipewa injini nyingine, B48, ambayo mafundi wanaiamini zaidi. Magari hayo mawili yanafanana kwa mtu asiyezoea. Tofauti yake kwenye mtaji wako ni kubwa kuliko tofauti ya bei yoyote utakayopewa mnadani.

Upande wa dizeli, 320d za kizazi hicho cha mwanzo zina injini N47, ambayo cheni yake iko nyuma ya injini. Kuifikia ni lazima kushusha giaboksi au injini. Tena dizeli za kisasa zina chujio la moshi lililoundwa kwa mafuta yenye salfa kidogo sana. Nchi za Jumuiya zilihamia dizeli ya salfa 50 kwa milioni tangu Januari 2015, lakini kiwango cha Ulaya na Japani ni 10. Gari la foleni za mjini litaziba chujio mapema. Kwa anayeuza, dizeli ya Kijerumani iachwe kwa mteja aliyeiagiza mwenyewe na kulipa kabla.

Benzi nayo si malaika. W204 za C180 na C200 zenye injini M271 zina ugonjwa wa cheni kulegea na meno ya gia za kemshafti kulika. W205 za kabla ya 2018 zina injini M274, ambayo ni bora zaidi, ila sumaku za kemshafti huvujisha oili ikatembea ndani ya nyaya mpaka kwenye kompyuta. Fundi anayejua huchomoa soketi moja tu na kutazama kama ina oili. Ni kazi ya dakika tano inayoweza kuokoa fedha nyingi.

Vile vile C200 nyingi za Japani zina springi za hewa badala ya springi za chuma. Kwenye barabara ya lami ya kwao ni raha. Kwenye matuta yetu ni suala la muda, na mfuko ukipasuka gari hulala chini kama limechoka. Soma karatasi ya mnada vizuri na uchague yenye springi za kawaida.

Na ile C200 ya sisi 1,497 tuliyoisifia kwa ushuru ina mfumo wa volti 48. Ukiharibika, si kila fundi wa umeme wa magari ataugusa, na betri yake haiuzwi kwenye kila duka. Nairobi utapata wa kuushughulikia. Kwa mteja wa Sumbawanga au Gulu, hali ni nyingine. Unapoliuza gari kama hilo mbali na mji mkubwa, unamuuzia mtu safari ya kwenda mjini.

Spea: swali la nani yuko karibu

Gerezani ya Kariakoo, Kirinyaga Road ya Nairobi na Kisekka ya Kampala zote zina maduka ya spea za Kijerumani. Kwa vitu vya kawaida, yaani breki, bushi, chujio, plagi na pampu ya maji, Benzi na BMW hazipishani sana.

Tofauti inaonekana kwenye bodi na taa. Spea nyingi zilizotumika zinatoka Dubai na Sharjah, ambako magari ni ya usukani wa kushoto. Injini, giaboksi na milango vinaweza kuingiliana. Taa za mbele, saiti mira, dashibodi na raki ya usukani haviingiliani. Mtu anayevunja taa ya mbele ya gari la usukani wa kulia inabidi aagize Japani, Uingereza au Afrika Kusini.

Na hapo Afrika Kusini inampa Benzi nafasi. C-Class bado inatengenezwa East London, wakati kiwanda cha BMW cha Rosslyn kiliacha 3 Series mwaka 2018 na kuhamia X3. Kwa mfanyabiashara wa Lusaka au Tunduma anayeagiza spea kwa njia ya barabara kutoka kusini, hilo ni jambo la kuweka kwenye mizani.

Kwa wasafirishaji na madereva wa IT

Saluni hizi si Land Cruiser. Ziko chini, na tairi nyingi za BMW, na baadhi za Benzi, ni zile zinazotembea hata zikiisha upepo. Kwa sababu hiyo mara nyingi hakuna tairi ya spea wala jeki. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na ndivyo ilivyo kwa Mombasa hadi Malaba. Dereva akipiga shimo usiku baada ya Mikumi na tairi ikapasuka pembeni, hana cha kufunga.

Pia giaboksi za magari haya zinaongozwa kwa umeme. Betri ikifa, gia inabaki kwenye P na magurudumu ya nyuma yanafunga. Gari limekaa bandarini wiki kadhaa, betri imekwisha, kijana wa bandari anafunga kamba na kulivuta. Hapo giaboksi inaumia na hakuna atakayekubali kosa. Msafirishaji makini anakwenda na betri ya kustulia. Kwa BMW, ambayo betri yake iko kwenye buti, kuna sehemu za kustulia chini ya boneti.

Kwa maoni yetu, gari la namna hii lipakiwe kwenye trela la kubebea magari, hata kama gharama ni kubwa kuliko ya dereva wa IT. Kama ni lazima liendeshwe, basi kuwe na fomu ya makabidhiano yenye picha za saiti mira, skrini, rimu na kilomita. Kilomita za bandarini na za mpakani zisipishane sana na urefu wa njia. Na wakala ahakikishe gari limethibitishwa kutoka upande wa pili, iwe Nakonde au kwingineko. Gari la transiti lisilothibitishwa kutoka linaliwa kwenye bondi yake yeye.

Kukagua ukiwa mbali

Tofauti na Toyota za Japani, Benzi na BMW zinatumia namba ya chesisi ya kimataifa yenye tarakimu na herufi 17, hata zilizouzwa Japani. Namba hiyo itakuambia mwezi wa kutengenezwa, aina ya injini na vifaa lilivyotoka navyo kiwandani. Muuzaji asiyetaka kukupa namba hiyo kabla ya malipo, muache.

Kwa gari la Japani, dai karatasi ya mnada yenyewe na si tafsiri tu. Cheti cha kufuta usajili nacho huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Kwa gari la Uingereza, historia ya ukaguzi wa kila mwaka, kuanzia mwaka wa tatu, inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali yao kwa namba ya usajili, pamoja na maili za kila ukaguzi. Ila tazama chini. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na vivyo hivyo kaskazini mwa Japani. Gari linang'aa juu huku chini linaliwa na kutu.

Mtaji unaolala

Turudi kwa jamaa yangu wa Mbeya. Tuseme gari limekusimamia dola 15,500 na fedha ni ya mkopo wa asilimia 18 kwa mwaka. Kila mwezi linapolala yadini linakula dola 232.50. Miezi saba ni dola 1,627.50. Linganisha na zile dola 1,548.75 zilizookolewa kwa kununua gari kuukuu kwenye mfano wetu wa Tanzania. Zimekwisha, na bado gari halijauzwa.

Jamaa yangu mwishowe alibadilisha cheni, akawaonyesha wateja risiti ya kazi hiyo, likauzwa kwa kilekile alichotumia. Angeweza kulisukuma kwa mtu asiyejua. Alisema Mbeya ni mji mdogo, na mchele wake unanunuliwa na watu hao hao. Alirudi kwenye mchele.

Uamuzi

Kwa mfanyabiashara wa Kenya, C200 ya kuanzia marekebisho ya 2018, sisi 1,497, inashinda kwa ushuru na kwa muda wa mlango. Masharti ni mawili: ipimwe mfumo wa volti 48 kabla ya kununuliwa, na iuzwe mji wenye mafundi.

Kwa Tanzania, faida ya injini ndogo haipo, na 320i ya injini B48 iliyo chini ya miaka 8 inastahili nafasi sawa na C200. Baada ya magari hayo kuvuka miaka 8, jiulize tena kama bei ya mnadani inafidia kodi. 320i ya kabla ya marekebisho ya 2015 isinunuliwe kwa ajili ya kuuza, hata ikitolewa kwa bei ya bure.

Kwa Zambia, nunua lililo bora zaidi ndani ya kundi la kodi, na spea za kusini zinaipendelea C-Class. Kwa Uganda, nunua jipya kadiri mtaji unavyoruhusu.

Viwango vya kodi hubadilika. Bajeti za Kenya, Uganda na Tanzania husomwa kila Juni, na mwezi mmoja unaweza kubadilisha hesabu yote. Muulize wakala kabla ya kubonyeza kitufe cha mnada, si baada ya meli kutia nanga. Wahenga walikwishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.